Kupauka si Umri: Neno kwa Wanaotafuta Kanga za Zamani

Kwa mara nyingine nimetumiwa picha ya kanga ambayo nyekundu yake imefifia ikawa waridi, na chini yake swali lile lile: "Dada, imepauka hivi, si itakuwa ya enzi za mkoloni?" Nimekwisha kulijibu swali hili kwa upole kiasi cha kutosha. Kupauka hakuelezi umri wa kanga. Kunaeleza jua, sabuni na kazi ambayo kanga hiyo imefanya nyumbani.

Kanga ya jikoni, inayofuliwa kila mara na kuanikwa juani mchana kutwa, huchakaa sura ndani ya miaka michache, ilhali doti aliyopewa bibi harusi akaikunja sandukuni pamoja na udi yaweza kutoka humo baada ya nusu karne ikiwa na nyekundu na nyeusi zilizokolea, mnunuzi akairudisha kwa madai kwamba ni mpya. Anayetaka kupauka kuwe ushahidi hana budi kuuliza kitambaa kimepaukia wapi. Kanga iliyokaa imekunjwa mahali penye mwanga hupauka kwenye mistari ya mikunjo, kwa kuwa huko ndiko mwanga ulikofika. Iliyovaliwa na kuanikwa hupauka uso mzima, lakini ukifumua kidogo ukingo ulioshonwa utakuta rangi ya ndani ingali imekolea kuliko ya nje. Ile iliyoloweshwa makusudi katika dawa ya kutoa madoa, ili mtalii auziwe hazina ya bibi wa mtu, huwa imepauka sawasawa kila mahali, hata ndani ya ukingo, maana dawa haichagui pa kuingia. Nimeshika kanga za namna hiyo, na nakiri kwamba ukiziona picha tu zinapendeza.

Mchoro nao haukupi mwaka. Kisutu, chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe na kisicho na jina, yaani yale maneno yanayoandikwa kwenye kanga, kimekuwa kikichapishwa kizazi baada ya kizazi kwa mchoro ule ule, na bado kinanunuliwa kwa ajili ya harusi. Alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla pia si cheti cha ukale: duka la Kaderdina Hajee Essak lilianzishwa Mombasa mwaka 1887, na chapa hiyo ingalipo sokoni. Jina lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu ni dalili nzuri zaidi, kwa kuwa herufi hizo zilitangulia zile za Kilatini. Jina la kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam huwezi kulikuta kabla ya 1968, kilipofunguliwa. Na wanaodhani kanga ya zamani lazima iwe imechapishwa hapa kwetu wakumbuke kwamba nyingi zilitoka India, Uholanzi, Uingereza na Japani, zikifuata matakwa ya wanawake wa pwani.

Kipimo ninachokiamini ni cha moto. Chomoa uzi mmoja, ushike kwa kibanio, uuchome: pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu. Nyuzi za poliesta ziliingia sokoni miaka ya 1950, kwa hiyo tone hilo hufuta hadithi nyingi za mkoloni. Uzi wenyewe, hata hivyo, utoke kwenye kitambaa, si kwenye ukingo, kwa sababu kanga nyingi za pamba zilipindwa upya miaka mingi baadaye kwa uzi wowote uliokuwa kwenye cherehani.

Baada ya vipimo vyote hivyo, ninachoandika daftarini ni muongo, na mara nyingine miongo miwili. Muuzaji anayetaja mwaka kamili wa kanga isiyotaja tukio lolote anakisia. Nami nakisia, ila mimi huweka alama ya kuuliza.

Shaka yangu kubwa zaidi ni kama kanga inastahili kutolewa kabisa katika sanduku la familia. Wakusanyaji wenzangu wakiona upande mmoja, ule mwingine ukiwa alipewa dada au shoga, husema doti haijatimia na bei ishuke. Mimi huutafuta upande huo huo. Ninao mmoja uliokuwa mbeleko: pembe mbili zimevutika kwa fundo, katikati pamelainika kwa uzito wa mtoto, na jina limesuguliwa hadi nusu yake haisomeki. Riziki yangu ni kubuni michoro ya vitambaa, na mbeleko hiyo ilinionyesha kwamba mtoto akishabebwa, ua kubwa la katikati ya mji, ile sehemu ya kati ya kanga iliyozungukwa na pindo, huvutwa likapoteza umbo, na macho ya mtu hubaki kwenye pindo.

Mchoraji Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kushinda Tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, ni mtoto wa mama mbunifu wa vitambaa, na katika baadhi ya kazi zake amechora kwa mpangilio wa kanga. Nazipenda sana, lakini ukutani pindo zote nne huonekana kwa pamoja, jambo ambalo mwili hauliruhusu. Ndiyo maana kila mchoro wangu mpya humfunga dada yangu kiunoni kabla haujaenda kiwandani, nikamwomba atembee, ainame, aketi. Akiketi jina likamezwa na mikunjo, nalipandisha.