Straika wa kusimama ni nani? Mtazame Jan Koller

Mchambuzi akilalamika kwamba timu "haina straika wa kusimama", usidhani anamtaka mtu wa kusimama kama mlingoti akingoja krosi. Anazungumzia kazi. Ni kazi ya mshambuliaji wa kati anayecheza akilipa mgongo goli la wapinzani, huku beki akimpumulia kisogoni. Kwanza kabisa anatakiwa aufanye mpira ukae. Unakuja juu, unakuja na kasi, yeye anautuliza kwa kifua au paja, anaulinda sekunde mbili tatu mpaka wenzake wafike, kisha anawaachia. Kufunga ni jukumu la pili, ingawa magazeti huhesabu magoli tu.

Nikitaka kumweleza mtu jambo hili humtajia Jan Koller wa Jamhuri ya Czech. Alizaliwa Prague mwaka 1973, akarefuka mpaka mita 2.02, na utotoni alifundishwa ugolikipa. Sparta Prague hawakuona lulu kwake. Mwaka 1996 akaenda Ubelgiji, Lokeren, na huko ndiko alikoiva: mwaka 1999 akawa mfungaji bora wa ligi, akasajiliwa na Anderlecht, akabeba ubingwa mara mbili mfululizo na Kiatu cha Dhahabu cha nchi ile, tuzo ya mchezaji bora wa ligi, cha mwaka 2000. Mwaka 2001 akahamia Borussia Dortmund, na msimu wake wa kwanza tu wakawa mabingwa wa Ujerumani. Baadaye alipita Monaco, Nürnberg, Samara kule Urusi, na kumalizia Cannes. Timu ya taifa aliichezea mechi 91 na kufunga magoli 55, idadi ambayo hakuna Mcheki mwingine aliyeifikia.

Kwa takwimu hizo utasema huyu ni mfungaji, basi. Lakini tafuta mechi ya Euro 2004 kati ya Czech na Uholanzi, iliyochezwa Aveiro, Ureno. Dakika ya 19 Waholanzi walikuwa wanaongoza 2-0. Dakika nne baadaye Koller akafunga kwa pasi ya Milan Baroš. Hilo ni goli lake, liko kwenye kumbukumbu. Goli la somo letu ni la pili, la dakika ya 71, ambalo jina lake halimo kwenye orodha ya wafungaji. Pavel Nedvěd anamimina mpira kutoka kushoto, Koller anaupokea kwa kifua akiwa amezungukwa na mabeki, na badala ya kuhangaika kugeuka anaushusha taratibu kwa Baroš, ambaye anaupiga kabla haujatua. Mbili kwa mbili. Vladimír Šmicer akamaliza kazi dakika ya 88.

Baroš ndiye aliyeondoka Ureno akiwa mfungaji bora wa mashindano, magoli matano. Alikuwa na kasi na jicho la goli, simnyimi sifa yake. Ila mabeki waliopaswa kumfuata yeye walikuwa na mzigo mwingine. Mtu wa mita mbili akiwa ndani ya boksi, beki mmoja hamtoshi, na wakienda wawili wanaacha uwazi pembeni yao. Ndiyo maana straika wa namna hii hunoga akipewa mwenzake mwepesi anayezunguka karibu naye. Anderlecht walimpa Tomasz Radzinski, na mabeki wa Ubelgiji wakakiona cha moto.

Urefu wenyewe husaidia, lakini si sharti. Wapo wafupi wanaoifanya kazi hii kwa makalio na mikono: wanamweka beki mgongoni, wanamsukuma kidogo kidogo, mpira unabaki upande wa pili. Kinachotakiwa ni mguso laini, akili ya kujua mwenzako yuko wapi kabla mpira haujafika, na ngozi ngumu, maana viwiko utavila vingi na mwamuzi hataviona vyote.

Kwa Koller nadhani ule ugolikipa wa utotoni ulimsaidia kusoma mpira wa juu, na haukumtoka kabisa. Novemba 2002, Dortmund wakicheza na Bayern mjini Munich, yeye ndiye aliyefunga la kwanza. Bayern wakarudisha na kuongeza la pili, kisha golikipa Jens Lehmann akatolewa kwa kadi nyekundu. Koller akavaa glovu, akakaa langoni mpaka mwisho, wala hakufungwa. Mechi iliisha 2-1.

Hatari ya kuwa na mtu kama huyu ni uvivu wa wengine. Viungo wanaacha kupiga pasi, mabeki wanabutua tu kwenda juu wakijua kuna mnara huko mbele. Czech ya kocha Karel Brückner haikuanguka kwenye mtego huo kwa sababu ilikuwa na Nedvěd, Rosický na Poborský, watu wasiopenda kuuona mpira ukipita juu ya vichwa vyao.

Thamani ya Koller ilijionyesha siku alipokosekana. Kombe la Dunia 2006 pale Gelsenkirchen, aliifunga Marekani kwa kichwa dakika ya tano. Kabla ya mapumziko misuli ya nyuma ya paja ikamwachia, akatolewa kwa machela. Czech walishinda 3-0, lakini mechi iliyofuata ilikuwa dhidi ya Ghana. Mbele akaanza Vratislav Lokvenc, naye mrefu wa karibu mita mbili. Asamoah Gyan alifunga dakika ya pili, Sulley Muntari akaongeza la pili, na kwa dakika tisini mipira iliyopelekwa mbele ilirudi kama imegonga ukuta. Italia nao wakawapiga 2-0, Wacheki wakafungasha virago.