Kikwapa si jasho

Kikwapa ni harufu mbaya itokayo kwapani. Jasho ni maji ambayo mwili huyatoa ili ujipoze. Ningeishia hapo, lakini juzi nimesikia tena viwili hivyo vikichanganywa, kwenye duka moja Ngamiani, hapa Tanga. Kijana kaninyanyulia kichupa cha kitu cheupe kama uji mzito: "Hii ya asili, mama, inakata jasho kabisa." Nikamuuliza ndani mna nini. Mafuta ya nazi, magadi na ndimu. Hata kimoja hapo hakikati jasho. Pakaa kutwa mara kumi, panda baiskeli kutoka Raskazone hadi Chumbageni mwezi wa Februari, utafika umelowa vilevile.

Tuumalizie haraka upande wa mwili. Tezi za jasho ziko za aina mbili. Zilizoenea mwili mzima hutoa maji na chumvi. Nyingine, nyingi zikiwa kwapani na kwenye kinena, hulala mpaka mtu anapobaleghe, kisha huanza kutoa majimaji mazito yenye mafuta na protini. Yakitoka hayanuki. Vijidudu wanaoishi kwenye ngozi huyala, na kinachobaki baada ya mlo huo ndicho kikwapa. Ndiyo maana mtoto wa miaka sita atacheza juani tangu asubuhi, arudi ananuka vumbi na chumvi ya bahari, lakini kikwapa hana.

Sasa neno lenyewe, maana hapa ndipo ninapokereka. Kwapa ni kiungo, makwapa yakiwa mawili. Ile ki- ya mbele inatoka wapi? Wapo watakaosema ni ki- ya namna, kama kunuka kibeberu: ananuka kikwapa, yaani kwa namna ya kwapa. Mimi naona limeponzwa na jirani zake. Kikohozi, kichocho, kifafa, kifaduro, kisonono: sikio la Mswahili likisikia ki- namna hiyo, linahesabu maradhi. Ndipo ikaja "dawa ya kikwapa", kana kwamba mtu anaumwa. Bibi zetu walikuwa na neno jingine, kutuzi, ambalo halina ki- wala halimpeleki mtu hospitali. Ni harufu tu, basi.

Jasho nalo lina heshima zake. Mtu anakula kwa jasho lake; tunalaani wanaodhulumu jasho la mnyonge. Sijamsikia mtu anayejisifu kwamba anakula kwa kikwapa chake. Lugha imeshavitenga vitu hivi viwili kwa ukuta mnene, sisi ndio tunaotoboa mlango.

Na kuna ukuta wa pili. Kunuka ni kubaya, kunukia ni kuzuri, na kati yao ipo i moja tu. Ukitaka uzuri ulioganda ndani ya neno, tazama manukato. Ile -to ya mwisho ni ya kale na ina maana ya wema. Wazee waliweza kusema kuwekato, yaani kuweka vizuri. Manukato basi ni harufu njema. Kwa hiyo udi, asumini, kikuba cha bibi harusi na marashi ya kwenye mrashi vyote viko upande wa kunukia. Havimwondolei mtu kutuzi, vinalikalia juu. Aliyekaa kwenye daladala karibu na mtu aliyejimwagia marashi bila kuoga hahitaji nimweleze zaidi.

Diodoranti haiko kwenye jasho wala kwenye manukato. Neno lenyewe limejengwa kwa odor ya Kilatini, ambayo ni harufu, na de- ya kuondoa. Kiondoa harufu. Wazungu wenyewe walianza nayo hiyo: Mum, ya Philadelphia, ilitoka mwaka 1888 kwa ajili ya harufu, na kizuia jasho cha Everdry kikaja mwaka 1903. Kizuia jasho hutumia chumvi za alumini zinazoziba vitundu vya jasho kwa muda. Marekani mpaka leo kizuia jasho huhesabiwa dawa, kiondoa harufu kikahesabiwa kipodozi. Hapa kwetu vyote vinakaa rafu moja na jina moja.

Hapo hapo niliseme la shabu, lile jiwe jeupe kama barafu ambalo vinyozi hulipitisha kidevuni baada ya wembe. Linafaa kwapani, sibishi. Ila anayeniambia analitumia kwa sababu anaikimbia alumini, namwonea huruma, kwa kuwa shabu yenyewe ni chumvi ya alumini.

Ubishi wa maneno ungekuwa burudani kama usingefika kwenye ngozi. Binti wa kaka yangu alikuja kwangu mwezi uliopita akitembea mikono imeachana na mbavu kama kuku aliyelowa. "Shangazi, nahisi pilipili." Akainua mkono: kwapa jekundu, pembeni limeanza kumenyuka kama ganda la kitunguu. Alikuwa amejitengenezea dawa kama ile ya kichupa cha dukani, kwa kufuata maelekezo. Jasho halikukatika, kwa hiyo kila siku alizidisha kupaka. Mahali palipoandikwa soda ya kutia kwenye keki, yeye kaweka magadi ya kupikia maharage. Ngozi ina uchachu kidogo: pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ikishuka uchachu huzidi, ni karibu 5. Soda ya keki ni kama 8, na hiyo tu inatosha kuwawasha wenye ngozi nyepesi. Magadi hufika 10. Ndimu nayo iko chini kabisa, karibu 2, na maji yake yakipigwa na jua kwenye ngozi huunguza na kuacha weusi wa wiki nyingi. Asili zote hizo. Upupu nao ni wa asili.

Nilimwachisha kila kitu mpaka ngozi ikapona, anaosha kwa maji na sabuni isiyo kali, anakausha vizuri. Kisha tukatengeneza yetu: vijiko vinne vya mafuta ya nazi, kimoja cha nta ya nyuki iliyokunwa, tukayeyusha kwenye bakuli juu ya maji ya moto, tukatia vijiko vitatu vya unga laini wa muhogo uliochekechwa. Nta ni lazima. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24, na Tanga mchana joto hupita hapo. Bila nta utabaki na chupa ya mafuta yenye unga uliotuama chini. Mafuta ya karafuu nilimkatalia, huwasha. Akapaka kidogo ndani ya kiwiko, akangoja siku mbili kabla ya kupeleka kwapani. Jasho anatoka kama kawaida. Kikwapa kimepungua.

Nilirudi kwa yule kijana. Kwanza nilimwomba atoe magadi na ndimu, akanisikiliza bila kubisha. Kisha nikamwomba kalamu, nikakata "inakata jasho" kwenye karatasi ya kichupa, juu yake nikaandika "inapunguza kikwapa".

Akasoma, akaangalia nje kama kuna mtu. "Mama, hilo neno wateja wataona haya. Ndiyo maana tunasema jasho."

Sikuwa nimelifikiria. Miaka yote nahesabu ni ujinga, kumbe ni adabu.

"Basi andika kutuzi," nikamwambia. "Vijana hawalijui, na wazee hawatakuonea haya."