Alamu ya gari: "fundi, mbona nimefuata rangi zote"

Jana asubuhi nimeshushiwa tena gari kutoka kwenye brekidauni. Noah, mwenyewe kafunga alamu mwezi uliopita nyumbani kwake kwa kuangalia video, na neno la kwanza kuniambia kabla hata ya salamu kuisha ni lilelile nalosikia kila wiki: "fundi, mbona nimefuata rangi zote." Leo naandika maana nimechoka kulirudia hili somo nikiwa nimelala chini ya dashibodi na tochi mdomoni.

Dhana: nyekundu moto (chanya ya betri), nyeusi ethi (negativu, inayofungwa kwenye bodi), rangi zikilingana umemaliza

Boss, rangi za waya zinazokuja na alamu kachagua aliyetengeneza alamu, gari yako haizijui. Kwenye Toyota ethi ni nyeupe yenye mstari mweusi. Zile nyeusi zenye mstari mwekundu au wa njano mara nyingi ndo zinaleta moto ukigeuza swichi, na nyeusi yenye mstari mweupe kwenye gari nyingi ndo ya stata yenyewe. Sa wewe umeona weusi ukajua ethi, umeunga, umegeuza ufunguo, fyuzi pah! Huyu wa jana fyuzi ilimkatikia mara tatu, mara ya nne akaweka kipande cha waya. Nilipokiona nikaenda kunywa maji kwanza.

Waya unaupima, hauukisii. Na unaupima kwa mita ya dijitali, siyo ile testa ya balbu, maana balbu inavuta umeme na ukiichomeka kwenye waya wa kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, unaweza kuua kitu ambacho bei yake ni alamu kumi. Soketi za njano chini ya usukani ndo usiziguse kabisa, hizo ni za eabegi, sitaki kusikia umelipukiwa usoni sababu ya king'ora.

Haya tuje kwenye rilei, ile swichi ndogo inayovutwa na koili ya umeme, maana hapa ndo watu wa video wanaangamia. Rilei ina namba chini: 30, 85, 86, 87 na 87a. Waya wa stata unaukata, upande mmoja unaingia 30, wa pili 87a, hizo mbili zinagusana rilei ikiwa haijavuta, ili hata alamu ikifa porini gari ibaki inastati. 85 unaipa ule waya wa alamu unaotoa negativu ukishaloki. Na 86, sikiliza vizuri, 86 inachukua moto wa ignisheni, ule unaokuja ukigeuza ufunguo, SIYO moto wa moja kwa moja wa betri. Jamaa kaipa wa betri. Maana yake kila akiloki, koili ya rilei inakaa imevuta usiku kucha, inakula miliamp 150 hivi bila mtu yeyote kugusa ufunguo, piga hesabu ni zaidi ya amp-saa 3 na nusu kwa siku, betri ndogo ya NS40 iliyochoka kidogo haimalizi wiki hapo. Ukiunga kwenye ignisheni rilei inavuta pale tu mwizi anapogeuza swichi. Waya mmoja tu huo! Na alikuwa keshanunua betri mpya, afu ananiambia alamu zinakula betri. Alamu iliyofungwa sawasawa ikilala inakula kama miliamp 10 mpaka 20, gari ikikaa wiki mbili bado inawaka.

Ila kilichomleta kwa brekidauni wala siyo betri. Ni maungio ya waya wa stata aliyoyasokota kwa vidole akazungushia tepu. Gari inashinda juani Dar hii, gundi ya tepu inageuka uji, tepu inafunguka, mtikisiko wa barabara zetu unamalizia. Lehemu kwa risasi, vaa mpira wa kusinyaa kwa joto, funga na zipu tai. Ethi nayo unaifunga kwenye bodi yenyewe ukishakwangua rangi mpaka chuma king'ae, siyo kwenye bolti ya dashibodi iliyoshika plastiki, na ndio, nimeikuta huko.

"Nakata pampu ya mafuta, mwizi azimikiwe mbele ya safari"

Na siku alamu ikichanganyikiwa ukiwa wewe ndo uko spidi 80 nyuma una lori? Injini ikizima usukani unakuwa mgumu na breki inakubakizia kukanyaga mara mbili tatu za maana. Kata stata. Mimi wanaotaka pampu nawarudisha.

"Gari yangu ina imobilaiza, alamu ya nini"

Imobilaiza inazuia injini kuwaka bila chipu ya ufunguo. Haizuii mtu kung'oa saiti mira wala swichi za pawa windo, na hapa mjini hivyo ndo vinaibiwa. Halafu usidhani kila gari inayo, Ulaya waliilazimisha kwenye magari mapya mwaka 1998 lakini hizi tunazoagiza Japani nyingine zinayo nyingine hazina.

"Sensa ya mtikisiko ikiwa kali ndo ulinzi"

Bodaboda ikipita inalia, paka akiruka inalia, wiki ya pili majirani hawachungulii tena na wewe mwenyewe unaizima. Ifunge kwenye chuma kigumu, ipunguze mpaka ilie ukigonga kioo kwa kiganja, basi.

"Ukishapeleka dukani umemaliza"

Hapana, na hapa nawasema wenzangu. Kuna mafundi wanatembea na testa ya balbu na meno ya kumenyea waya. Muulize ana mita? Anaunga kwa risasi? Swichi ya siri ya kuzimia alamu anaificha wapi? Akikwambia chini ya usukani, kamata gari yako uondoke, hapo kila mwizi anajua. Na kama una Corolla ya zamani, mita, mchoro wa waya wa gari hiyohiyo na Jumamosi nzima isiyo na haraka, funga mwenyewe, sikuzuii, tena toa negativu ya betri kwanza. King'ora kitazame chini, kisikusanye maji ya mvua.

Kingine, ukiloki kwa rimoti vuta kitasa uhakikishe. Kuna watu parking wanaziba mawimbi ya rimoti, wewe umebonyeza ukaondoka na mlango haujaloki, hilo hata mimi sina waya wa kulizuia.

Noah imeondoka saa 11 jioni inastati vizuri. Kufika getini jamaa kashusha kioo, ananiuliza ati kamera ya nyuma nayo ina waya ngapi.