Adapta Haipunguzi Umeme

Haipiti wiki bila mtu kuniletea mezani kifaa kilichotoka Marekani na kuungua siku ile ile kilipochomekwa hapa Dar es Salaam. Mara ni blenda, mara ni pasi, mara ni draya ya nywele ambayo binti ametumiwa na shangazi yake, na maneno ya mwenye mali huwa hayo hayo: "Lakini fundi, nilitumia adapta." Adapta uliitumia, sikatai. Ila ukiifungua kwa bisibisi utakuta ndani vipande vya chuma vinavyounganisha matundu na pini, na pengine fyuzi, basi. Inapokea pini mbili bapa na kutoa pini tatu nene. Volti 230 zinazoingia ndizo zinazotoka.

Linalonichosha zaidi ni ile imani kwamba kifaa cha Marekani cha volti 120 kikipewa 230 za hapa kwetu "kitachangamka kidogo". Katika kifaa cha kupasha joto, volti zikikaribia kuwa maradufu, mkondo nao hupanda kwa kiasi hicho hicho, na kwa hiyo nguvu hukaribia mara nne: draya ya wati 1,500 sasa inataka zaidi ya wati 5,000 kutoka kwenye soketi ya ampea 13, ambayo haipaswi kubebeshwa hata 3,000. Fyuzi ikiwahi kukatika, umepona. Isipowahi, koili huwaka nyekundu na plastiki ikaanza kulegea. Draya niliyoletewa juzi mdomo wake ulikuwa umejikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni.

Dawa yake ni kusoma lebo kabla ya kuchomeka, na kwa kuwa maandishi yake ni madogo mno, mimi huwaambia wateja waipige picha kwa simu kisha waikuze. Ikiandikwa "100-240V, 50/60Hz", kama zilivyo karibu chaja zote za simu na kompyuta mpakato za siku hizi, adapta peke yake inatosha, na anayekununulisha transfoma kwa ajili ya chaja anakula fedha yako bure. Ikiandikwa "120V" tu, unahitaji transfoma ya kushusha umeme, ile nzito inayovunja mkono, yenye wati zinazozidi za kifaa kwa nafasi nzuri, hasa kwa vifaa vya mota, kwa sababu mota huvuta umeme mwingi inapoanza kuzunguka. Vile vibadilishi vyepesi vya mfukoni vinavyotangazwa kubeba wati 1,600 vingi vimetengenezwa kwa ajili ya pasi na draya zisizo na saketi za kielektroniki. Ukivitumia kwa redio, unaniletea kazi. Ushauri wangu, ambao hausikilizwi, ni kwamba vifaa vya kupasha joto visisafirishwe kabisa, kwani transfoma ya kuvibeba huweza kuwa ghali kuliko pasi mpya ya dukani hapa.

Wapo wanaodhani kifaa cha kulinda friji kitawasaidia. Kile hukata umeme ukizidi au ukipungua kuliko umeme wetu wa kawaida, na kwake volti 230 ni salama salimini.

Wapo wanaochokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie, wakidhani tundu lile halina kazi. Lile ni la waya wa ardhi, na ndilo linalofungua vizuizi vya matundu yenye umeme. Ukilichokonoa umeruka ulinzi wote uliowekwa kwa ajili yako, pamoja na fyuzi ya plagi.

Transfoma nayo haigusi hezi, ile "Hz" ya kwenye lebo, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde. Mota ya kawaida ya hezi 60 za Marekani ikipewa 50 za hapa huzunguka polepole zaidi na kupata joto, na saa ya maikrowevu inayofuata hezi za umeme itachelewa dakika 10 kila saa.

Anayetoka Dar kwenda Nairobi, Muscat, Dubai au London na plagi yake ya pini tatu za mraba hahitaji chochote. Anayepeleka birika lake la umeme Marekani hataliunguza, ila litapata takriban robo ya nguvu yake, na chai ataingojea mpaka usingizi umpitie.