Je, wajua ni kwa nini Preussen, meli ya Ujerumani iliyokuwa jitu la matanga, iligongwa usiku?

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba 1910, meli ya abiria ya mvuke, Brighton, ilitoka Newhaven, Uingereza, ikielekea Dieppe, Ufaransa. Mbele yake zikaonekana taa za meli ya matanga. Sheria ya bahari iko wazi: chenye injini kimpishe chenye tanga. Brighton ikaona bora ipite mbele yake upesi, maana tanga lina haraka gani?

Usiku baharia haoni meli, huona taa. Ya matanga ukiitazama kwa mbele huonyesha ya kijani ubavu wa kulia na nyekundu ubavu wa kushoto. Taa hizo hazikwambii kama nyuma yake kuna jahazi la milingoti miwili au Preussen, yenye milingoti mitano na matanga 47, ambayo ikipata upepo mzuri hupita maili 16 za baharini kwa saa. Zikagongana.

Kwani mwaka 1910 meli kama hiyo ilitafuta nini baharini, na mvuke umeshatawala? Ilitafuta shura, yaani chumvi ya nitrati. Kampuni ya Laeisz ya Hamburg iliizindua mwaka 1902 ili izunguke Rasi ya Horn, ncha ya kusini ya Amerika Kusini, hadi Chile, kuchukua shura ya mbolea na baruti. Njia hiyo ni ndefu, makaa ya mawe yangekula faida na nafasi ya shehena. Upepo ni bure, na shura haiozi njiani. Huko Chile magunia yaliletwa kwa matishali, mashua za kubebea shehena, yakapangwa ngamani, ndani chini ya meli, kama kichuguu. Si urembo huo. Shura ni nzito, na ukiitandaza yote chini meli huyumba kwa mishtuko hadi milingoti iko hatarini. Na jitu zima hilo liliendeshwa na watu wasiofika 50, wakisaidiwa na injini ndogo za mvuke za kutwekea matanga na kung'olea nanga.

Turudi kwenye ajali. Tobo la omo halikuizamisha. Kilichoiponza, kwa maoni yangu, ni kupotea kwa mlingoti wa maji, ule unaochomoza mbele, pamoja na kamba zinazoushikilia mlingoti wa kwanza. Matanga madogo ya mbele ndiyo yanayoisukuma pua ya meli igeuke. Bila hayo, una usukani lakini huna meli inayotii. Vitagboti vikaja kuivuta kuelekea Dover, dhoruba nayo ikachachamaa. Minyororo ya nanga ikakatika, kamba za kuvutia zikakatika, na Preussen ikapanda mwamba katika Crab Bay, chini ya majabali meupe karibu na Dover.

Hakuna aliyekufa. Sehemu ya shehena iliokolewa, lakini meli haikunasuka tena, na piano zilizokuwa zinapelekwa Chile hazikufika katika safari hiyo. Maji yakipwa sana, vyuma vyake bado huchomoza pale.

Uchunguzi ulipofanyika, lawama ziliangukia Brighton, na nahodha wake akanyang'anywa leseni.