Makamu Mkuu wa Chuo ni nani hasa?

Kila Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kinapofanya mahafali, swali hili hurudi barazani: profesa anayeendesha chuo anaitwa makamu, sasa mkuu mwenyewe yuko wapi? Swali ni la haki. Sisi Wazanzibari makamu tuliowazoea ni wa siasa. Tangu marekebisho ya Katiba ya 2010 tunaye Makamu wa Kwanza wa Rais na Makamu wa Pili, na juu yao yupo Rais mwenye kazi zake za kila siku. Basi mtu akisikia makamu, anachofikiria ni msaidizi.

Chuo kikuu ni tofauti. Mkuu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar ni Rais wa Zanzibar. Yeye huwatunuku wahitimu shahada zao na ndiye anayemteua makamu. Lakini mishahara, ajira, mitihani, majengo na mivutano ya idara kwa idara, yote humwangukia makamu. Utaratibu huu tumeurithi kwa Waingereza: Prince Philip alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Cambridge tangu 1976 hadi 2011, na miaka yote hiyo chuo kiliendeshwa na makamu. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, maqam, mahali pa kusimama, na kaimu ni ndugu yake. Makamu amesimama pahala pa mwenye cheo, akiifanya kazi.

Mtu hufikaje huko? Tumchukue mwalimu wa biashara. Huanza mkufunzi msaidizi, akapata uzamili akawa mhadhiri msaidizi, akamaliza uzamivu akawa mhadhiri, kisha mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Ngazi hiyo hupandwa kwa utafiti, makala na kufundisha. Pembeni yake ipo ngazi nyengine, ya uongozi: mkuu wa idara, mkuu wa skuli, naibu makamu, makamu. (SUZA hutumia neno letu, skuli. Skuli ya Biashara iko Chwaka, palipokuwa na Chuo cha Uongozi wa Fedha kabla ya kuunganishwa na SUZA.) Wengi huzichanganya ngazi hizi mbili. Uprofesa ni daraja la taaluma, umakamu ni dhamana yenye muda wake. Muda ukimalizika, mtu huacha ofisi na kurudi darasani na uprofesa wake mkononi, na hajashushwa cheo.

Mfano ulio wazi wa mwalimu wa biashara aliyefika umakamu ni Profesa Mussa Assad. Alikuwa msomi wa uhasibu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuanzia 2014 hadi 2019, kisha akawa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro.

Je, elimu ya biashara humfaa makamu? Naamini humfaa sana, kwa sababu chuo ni bajeti: ruzuku, ada, fedha za mikopo ya wanafunzi, miradi ya wafadhili. Anayejua kusoma hesabu hadanganyiki kirahisi. Ila kampuni huamriwa kutoka juu, chuo hakiko hivyo. Juu ya makamu lipo baraza la chuo, linalosimamia mali na sera. Mambo ya taaluma yana seneti, ambako makamu ndiye mwenyekiti, lakini hawezi kumwamuru mhadhiri ampe mwanafunzi alama asiyoistahiki. Na kwa kuwa elimu ya juu ni jambo la Muungano, hata chuo kilichoundwa kwa sheria ya Baraza la Wawakilishi hufuata taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Kisha kuna hesabu zisizopatikana katika vitabu vya uhasibu. Tuseme kozi ya lugha ina wanafunzi wanane. Kwa mfanyabiashara, hiyo ni hasara, ifungwe. Makamu wa SUZA hukumbuka kwamba Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni ilikuwepo kabla ya SUZA yenyewe, na kwamba watu huvuka bahari kuja Unguja kujifunza lugha hii. Huangalia kozi gani yenye wanafunzi wengi inaweza kuibeba hiyo, kisha hulipeleka jambo hilo katika baraza la chuo na kulitetea.