Je, wajua? Neno "turufu" ni jina la zamani la karata za tarot

Uchaguzi ukikaribia, magazeti yetu hayachoki kuandika kwamba fulani bado "ana karata ya turufu mkononi". Neno turufu tulilipata kwa Wareno, waliosema trunfo. Wao walilitoa kwa Waitaliano, waliosema trionfi. Na trionfi ndilo jina la kwanza la karata ambazo leo dunia inaziita tarot: zile zenye kiunzi cha mifupa juu ya farasi, mtu aliyening'inizwa kwa mguu mmoja na mnara unaopigwa na radi, ambazo mtabiri huzilaza mezani akakuambia mchumba anakuja lini.

Swali ni hili: neno la mchezo wa barazani limehusianaje na utabiri? Jibu ni kwamba kwa zaidi ya miaka 300 tarot ilikuwa mchezo. Utabiri ulikuja baadaye, tena kwa makosa ya mtu mmoja aliyekuwa na uhakika kupita kiasi.

Tuanzie mbali kidogo. Karata ziliingia Ulaya katika miaka ya 1370 zikitoka kwa Wamamluki, watawala wa Misri. Pakiti moja yao imehifadhiwa hadi leo katika kasri la Topkapi, Istanbul. Ina mafungu manne: vikombe, sarafu, panga na fimbo za mchezo wa polo. Wakubwa wa kila fungu hawakuchorwa sura, waliandikwa vyeo tu: malik, yaani mfalme, kisha naibu wake, kisha naibu wa pili. Ndiyo, ni naibu yuleyule wa "naibu waziri". Mwaka 1377 mji wa Florence ulitoa amri kuhusu mchezo mgeni uliokuwa ukiitwa naibbe, na Wahispania mpaka leo huziita karata naipes. Polo Ulaya hawakuijua, kwa hiyo fimbo zake zikageuka kuwa magongo ya kawaida.

Wareno nao walikuwa na mafungu hayohayo manne walipofika pwani yetu. Sasa taja mafungu ya karata kwa Kiswahili: kopa, uru, shupaza, pau. Kopa ni copas, vikombe. Uru ni ouros, dhahabu, yaani zile sarafu. Shupaza ni espadas, panga. Pau ni paus, magongo. Karata tunazonunua dukani siku hizi ni za mtindo wa Kifaransa, zina moyo na jani badala ya kikombe na upanga, lakini majina tuliyobaki nayo ni ya picha za zamani. Mzee anayebamiza shupaza mezani chini ya mwembe anataja, bila kujua, fungu lilelile ambalo msomaji wa tarot wa London analiita la panga.

Tarot yenyewe ilizaliwa Italia ya kaskazini, miaka ya 1440 hivi, katika majumba ya watawala wa Milan na Ferrara. Walichukua pakiti ya kawaida, wakaongeza malkia ili kila fungu lifike karata 14, jumla 56. Juu ya hapo wakaweka picha 22 zisizo za fungu lolote: Papa, Mfalme Mkuu, Upendo, Gurudumu la Bahati, Kifo, Jua. Kazi yao ilikuwa moja tu, kula karata nyingine. Picha za namna hiyo zilikuwa zimejaa makanisani na kwenye maandamano ya sherehe, na hakuna aliyezishangaa. Familia za Visconti na Sforza zilichorewa pakiti zao kwa jani la dhahabu, kama vile tajiri wa leo anavyoagiza saa.

Mambo yalibadilika Paris mwaka 1781. Mchungaji wa Kiprotestanti aitwaye Antoine Court de Gébelin aliwakuta watu nyumbani kwa bibi mmoja wakicheza tarot. Uswisi mchezo huo ulikuwa hai. Paris ulikuwa umesahaulika, na nadhani hapo ndipo penye siri yote: kitu kikisahauliwa hugeuka fumbo. De Gébelin alisema mwenyewe kwamba ilimchukua robo saa kuitambua: hiki, akatangaza, ni kitabu cha hekima cha makuhani wa Misri ya kale. Maandishi ya Misri wakati huo hakuna aliyejua kuyasoma. Msomi Mfaransa, Champollion, aliyafumbua mwaka 1822, na tarot haikuonekana humo. Lakini hadithi ilikuwa imeshaondoka. Jean-Baptiste Alliette, aliyegeuza jina lake nyuma mbele akajiita Etteilla, alikuwa tayari akitabiri kwa karata za kawaida. Aliidaka tarot, akaiandikia kitabu, kisha akachapisha pakiti ya utabiri.

Picha unazoziona mtandaoni ni changa zaidi. Zilitoka London mwaka 1909. Arthur Edward Waite alitoa mawazo, Pamela Colman Smith akachora zote 78, hata zile ndogo zilizokuwa na vikombe au panga tupu. Kwa miaka mingi pakiti hiyo iliitwa kwa jina la Waite na la mchapishaji wake, Rider. Mchoraji hakutajwa, naye alifariki mwaka 1951 akiwa fukara.

Kwa nini basi watu hutoka kwa msomaji wakisema "amenisema mimi kabisa"? Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer wa Marekani aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la tabia, kisha kila mmoja akapewa maelezo "yake". Walipoulizwa yamelenga kiasi gani, wastani ulifika 4.26 kati ya 5. Karatasi zote zilikuwa na maneno yaleyale, mengi yakitoka katika kitabu cha nyota: una uwezo ambao hujautumia, mara mcheshi, mara unajitenga. Nani atakataa?

Hapo tarot inatofautiana na ramli yetu. Mpiga ramli hukokotoa: nukta hugeuzwa shufwa na witiri, alama nne za kwanza huzaa nyingine kwa kanuni, kati ya alama 16 zinazowezekana. Tarot haina hesabu hiyo. Ukilaza karata tatu kwa mpangilio kuna njia 456,456 za kuzipata, na kuziunga kuwa hadithi ni kazi ya msomaji, huku wewe ukimsaidia kwa kuguna. Ndiyo maana wasomaji wengi wa sasa wameacha kudai kwamba wanaona kesho. Wanasema karata ni kioo cha kuzungumzia leo, na dai hilo naliona la haki zaidi.

Ufaransa, wakati huohuo, watu bado wanaicheza tarot kwa karata zote 78. Turufu zao zimechorwa watu wakicheza dansi na kupumzika bustanini. Akipewa namba 13, ambayo kwa mtabiri ni Kifo, mchezaji hatetemeki. Anahesabu tu turufu ngapi kubwa zaidi bado hazijatoka.